Sweta Kutoka Njabini

Jua la Kisumu halina adabu. Jumapili ile watu walikuwa ndio kwanza wanatoka kanisani, nalo lilikwisha kuwakalia mabegani, na kila aliyefika ufuoni Dunga alikuwa anatafuta kivuli, maji au soda baridi. Waithera peke yake ndiye aliyekuja na sweta.

Tena si sweta ya mchezo. Ilifumwa kwa uzi mzito wa sufu, rangi ya damu ya mzee, vifungo mpaka kooni, na ilikuja na wenzake: kofia yenye kifundo utosini na soksi za kufika magotini. Ni nguo ya mtu anayeamka akakuta umande umeganda juu ya majani ya viazi. Nguo ya Njabini, huko juu Kinangop, ambako mama mkwe wake alizaliwa, akaolewa na kuzeekea, na hajawahi kulala mahali pasipohitaji blanketi.

Na wa kuvikwa alikuwa nani? Mtoto wa mwaka mmoja na nusu, mzaliwa wa ziwani, ambaye nyumbani kwao Obunga hushinda na chupi tu, na hata hiyo huivua mgeni akiingia.

Waithera alitaka picha moja. Moja tu jamani! Mtoto awe ndani ya sweta ile, atazame mbele, acheke. Picha itumwe Njabini, na ikipokewa vizuri, huenda mama mkwe akakubali kwamba ana mjukuu. Hilo ndilo lililomtoa nyumbani. Samaki, upepo na kunyoosha miguu yalikuwa mambo ya kumfurahisha mume.

Tusimame hapo kidogo, maana bila maelezo utadhani mama huyu kichwa kimemruka.

Waithera huuza nguo za watoto, za mitumba, sokoni Kibuye. Mwonyeshe mtoto kwa mbali, atakuambia ipi itamkaa na ipi itambana kwapani. Mumewe, Ndegwa, huuza viazi soko hilo hilo. Lori likifika kutoka Kinangop yeye ndiye wa kwanza kupanda juu kuchagua magunia. Walikuja Kisumu wakiwa wameoana juzijuzi, wakasema watakaa kidogo waone. Kidogo cha mfanyabiashara unakijua. Wakajifunza kula samaki mpaka kichwa, wakajifunza kusema "yawa!" wakishtuka, na hawakumbuki walianza lini.

Mimba yake ya kwanza Waithera hakuilalia kitandani. Siku uchungu uliposhika alikuwa soko la Kombewa, amepanga visuruali juu ya turubai, yeye na rafiki yake Seline, muuza nguo mwenzake. Mvua ilikuwa inamwagika, si ya kuuliza. Seline alizoa nguo, akamfunika Waithera kwa turubai lile lile, akampakia pikipiki na kumshikilia kwa nyuma mpaka hospitali. Mtoto alipolia kwa mara ya kwanza, mvua bado ilikuwa inapiga mabati. "Huyu ni Akoth," Seline akasema. Hakuwa anashauri, alikuwa anataja tu jambo lililo wazi. Kwa Wajaluo, msichana aliyekuja na mvua ataitwa nini kingine?

Lakini kwa Wakikuyu, binti wa kwanza ni wa nyanya yake mzaa baba. Si suala la kufanana. Ni nyanya mwenyewe, ameanza upya. Mama yake Ndegwa anaitwa Gakenia, kwa hiyo mtoto akaandikwa Gakenia hospitali, akabatizwa Gakenia kanisani, na hakuna aliyebisha. Ila Kibuye ni Kibuye. Seline alirudi sokoni na habari moto moto, na kabla vibanda havijafungwa Waithera alikwisha kuwa Mama Akoth. Wateja Mama Akoth, wapagazi Mama Akoth, hata mchungaji alimsalimu hivyo. Ungefanya nini, upigane na soko zima?

Siku moja mama mkwe akapiga simu akitaka kumsikia mjukuu akilia. Waithera alikuwa anaoga, Seline akapokea kwa heshima zake zote. "Habari yako Mama. Mama Akoth anaoga. Na Akoth mwenyewe amelala." Upande wa pili simu ikakatwa.

Basi yakaharibika. Ndegwa alieleza mpaka koo likakauka, akasema cheti kipo, jina ni lile lile, aje aone. "Ukiita cheti hakiitiki," mama yake akamjibu. "Jina la mtu ni lile analoitwa. Nyinyi mna Akoth wenu, mleeni. Mimi huko sina mtu." Ndegwa alipokwenda kumwona alipikiwa chai, akaulizwa habari za viazi na habari za barabara, mtoto hakutajwa hata kwa bahati mbaya. Waithera hakuthubutu kwenda kabisa. Alilia, na kulia kwake kulikuwa na hasira: azae na matope mwilini, ampe mtoto jina la mkwe bila hata kukumbushwa, kisha aonekane yeye ndiye mwizi wa jina!

Sasa juma lile lori lilipofika, Ndegwa alikuta kwenye mdomo wa gunia moja kifurushi kilichofungwa kwa kitambaa cha kichwa. Ndani, sweta. Hakuna salamu, hakuna neno. Baadaye Janice, dada yake Ndegwa anayekaa na mama yao, akapiga simu huku ananong'ona kama mtu aliyejificha jikoni. "Amefuma mwenyewe. Amesema tu anataka kuona kama imemtosha. Tumeni picha kwa simu yangu. Lakini Waithera, nakuomba, mtoto awe amechangamka."

Jioni hiyo hiyo Waithera akamjaribishia mtoto. Ikamkaa! Mabegani, mikononi, kiunoni, sawasawa. Yeye ambaye kazi yake ni hiyo anajua ilivyo vigumu kukisia mwili wa mtoto usiyemwona. Kumbe yule aliyesema hana mtu huko alikuwa anahesabu miezi kimyakimya. Waithera akaketi kitandani na sweta mapajani. Mkwe wake hakuwa mtu wa kunyoosha mkono mara mbili, na safari hii ameunyoosha.

Ndipo wakafika Dunga, wao na Seline, ambaye huwezi kwenda kula samaki ukamwacha.

"Mvike haraka, nipige, tumvue," Ndegwa akasema, simu iko tayari mkononi. Wanaume bwana! Kila jambo kwao ni rahisi kabla halijaanza.

Walikuwa wamekaa chini ya mwavuli wa kibanda cha samaki. Mkono wa kwanza uliingia vizuri. Mkono wa pili mtoto akaukunja, akaufanya mgumu, akamtazama mama yake kama anayemuuliza amemkosea nini. Ulipoingia na vifungo vikafungwa, akafungua kinywa, na ufuo mzima ukajua kuna mtoto Dunga.

"Mami, tulia. Mami, mwangalie Baba," Waithera akabembeleza.

Mami ndilo jina lake la nyumbani, na lina sababu. Ndegwa hawezi kumwita bintiye Gakenia, kwani ni nani huita mama yake kwa jina? Humwita Mami. Waithera naye hulitunza jina la mkwe wake, halitamki ovyo, sembuse kukaripia nalo. Utamwambiaje mama mkwe atoe kidole puani? Kwa hiyo naye husema Mami.

Picha ya kwanza ilikuwa kinywa na meno. Ya pili kisogo na kile kifundo cha kofia. Ya tatu ilikuwa kidole gumba cha Ndegwa, kimetoka vizuri sana. Kisha mtoto akang'oa kofia, akaitupa kwenye mchanga na kumkimbilia ndege yangeyange aliyekuwa akitafuta mabaki ya samaki, akaanguka kifudifudi, akalia upya.

"Yawa, Mama Akoth," Seline akasema, huku anachagua ngege wa kukaangiwa. "Mmekuja kupiga picha ama kuchemsha mtoto?"

Wakamvua apumue. Na alipovuliwa tu, akawa malaika! Akapiga makofi, akaonyesha tumbo, akamtazama baba yake machoni na kumchekea mpaka mate yakamtoka. Ndegwa akapiga, akapiga. Picha nzuri ajabu, na hakuna hata moja yenye uzi wa Njabini. Wakamrudishia sweta, kilio kikarudi. Wakaivua, kicheko. Wakamvika tena. Waithera alihisi machozi yanamkaribia yeye mwenyewe, maana sasa alikuwa anamwona mtoto wake akiteseka na bado mkono wake unafunga vifungo.

"Mama, hivyo mtakesha. Niachie huyo."

Aliyesema hivyo alikuwa Waswa, mpiga picha wa ufuoni, mtu wa Busia, kamera shingoni na koti lenye mifuko hata mahali pasipohitaji mfuko. Zamani watu walimpangia foleni. Siku hizi kila mtu ana kamera mfukoni, kwa hiyo Waswa hukaa kando akiwatazama, akingoja walioshindwa. Hawakosi.

Wakamvua mtoto sweta kwanza, amzoee Waswa. Waswa akapiga mluzi, akatikisa funguo, akatoa mfukoni chura wa plastiki. Akavaa kofia ya mtoto, ikamkaa utosini kama kifuniko cha chupa. Mtoto alikuwa amempa mgongo, anachimba mchanga, hana habari.

"Anaitwa nani?"

Waithera akamtazama mumewe, kisha akasema wazi, "Gakenia."

"Gakenia!" Waswa akaita. "Gakenia, hapa! Gakenia!" Akaita kwa sauti ya juu, akaita kwa sauti nyembamba. Watu wa meza ya pili waligeuka. Mwenye kibanda aligeuka. Mtoto aliendelea kuchimba.

"Mama, usinichukie nikiuliza. Masikio yake yako sawa?"

Seline akashindwa kuvumilia. "Akoth!"

Mtoto akageuka papo hapo, uso mzima umefunguka, mchanga kwenye nyusi, mikono juu. Kamera ikalia. Ilikuwa picha ambayo mama yeyote angeitundika ukutani, na Waswa mwenyewe aliichungulia, akatikisa kichwa kwa kuridhika.

Waithera hakuiona. Alikuwa amesimama pale pale, jua limempiga utosini, akijaribu kukumbuka mara ya mwisho mtoto wake kuitwa Gakenia. Hakuikumbuka, kwa sababu haikuwapo. Soko lilimwita Akoth. Baba alimwita Mami kwa heshima. Yeye mama alimwita Mami kwa heshima. Wamelitunza jina la watu, wamelifunika, wamelihifadhi, hadi mwenyewe halijui. Aibu ilimpanda kutoka miguuni. Mwaka mzima na zaidi amemwona mama mkwe kuwa mkaidi, na kumbe mzee wa watu alisema kweli.

Walimvika sweta mara moja ya mwisho. Waswa alijitahidi, lazima asifiwe, alilala hata chini kwa tumbo. Alichopata ni kilio kilichopigwa vizuri. Kisha Seline akasema imetosha, akamvua mtoto kila kitu, akamtumbukiza kwenye karai la maji la mwenye kibanda, na amani ikarudi.

Samaki waliletwa na ugali. Waswa akakaribishwa mezani, akanawa, akakaa. Baada ya matonge mawili akafuta vidole na kutoa simu yake.

"Hii si kazi ngumu," akasema. "Hapa nina mwili wenye sweta. Hapa nina uso unaocheka. Nawaunganisha. Watu wa harusi huniomba kila siku: bibi harusi amefumba macho, namfumbua."

Akahamisha picha kwenye simu, akasugua kioo, akapunguza hapa na kuongeza pale huku samaki wake anapoa. Alipomaliza akamwonyesha Ndegwa.

"Aah! Safi kabisa!" Ndegwa akapiga meza. "Waithera, tazama! Hata shingo imeingia. Tuma hiyo sasa hivi, biashara iishe."

Waithera akaichukua simu. Kweli, ilikuwa kazi safi. Sweta imekaa, kofia imekaa, uso unacheka, hakuna tone la jasho. Lakini macho ya Waithera yameshinda miaka mingi yakitafuta mshono. Amewahi kuletewa nguo iliyoshonewa lebo ya nguo nyingine, nzuri tu, mteja haoni, ila yeye akiishika vidole vinakataa. Mtoto huyu aliyekuwa akimtazama kwenye kioo hakuwapo Dunga, wala hakuwapo Obunga. Hakuzaliwa na mtu.

"Hapana," akasema.

"Hapana nini?"

"Mama yako tulimpa jina la karatasi. Sasa tumpelekee na mtoto wa simu?"

Ndegwa akaacha kula. "Mama Akoth," akasema, na akajisikia, akajirekebisha. "Waithera. Fikiria. Huyo mama ametuma kitu kwa mkono wake mwenyewe. Janice amesema mtoto awe amechangamka. Ukimtumia mtoto analia ndani ya ile sweta, si atasema ameikataa? Si atasema tumekataa sisi?"

"Ameuliza kama imemtosha. Imemtosha. Analia, lakini imemtosha."

"Hutapata nafasi nyingine. Namjua mama yangu."

"Najua," Waithera akasema, na aliogopa kweli. Lakini akamwomba Waswa amhamishie ile moja, ile ya mwisho. Mtoto amesimama ndani ya sufu mpaka kooni, kofia imemshuka hadi kwenye nyusi, kinywa wazi, matone ya jasho yamejipanga puani, mikono imetanuliwa kama anayeomba kuokolewa. Mtoto wao, hasa. Akaandika, "Imemtosha, Mama. Asante," akatuma kwa Janice kabla ujasiri haujamtoka.

Alama za kusomwa zikageuka buluu. Kisha hakuna kitu. Waswa alisema labda mtandao wa huko juu ni mbaya. Seline alikuwa na mtoto kwenye karai, wanarushiana maji. Ndegwa alikuwa anachokoa miiba bila kula.

Simu ikalia. Namba ilikuwa ya Janice, lakini aliyesema si Janice.

"Waithera."

Alikuwa hajaisikia sauti ile tangu mtoto akiwa mchanga. Akaweka spika ili Ndegwa asikie. "Naam, Mama."

"Hii picha mmepiga leo?"

"Leo, Mama. Sasa hivi."

"Huko kuna jua?"

"Jua ni kali sana, Mama. Huku hakuna baridi hata siku moja."

Na hapo hapo, kana kwamba shetani ndiye aliyempa zamu, Seline akapaza sauti kutoka kwenye karai: "Akoth! Akoth, usinywe hayo maji!" Ilifika mezani, ikaingia kwenye simu, ikapanda mpaka Njabini. Ndegwa alifumba macho. Waithera aliingoja simu ikatwe kama ilivyokatwa siku ile.

Haikukatwa. Kulikuwa na pumzi tu, nzito, ya mtu mzee anayejaribu kujizuia, kisha akashindwa.

"Mmenivalisha sufu juani," mama mkwe akasema.

"Mama?"

"Mmenivalisha sufu juani! Mmenifunga vifungo mpaka kooni, mmenitia na kofia, jasho linanitoka puani, nalia, nawanyooshea mikono, na nyinyi watu wazima mmesimama mnanipiga picha! Ni akili gani hiyo? Waithera! Nivueni hiyo kitu!"

Ndegwa aliweka kiganja mdomoni, na machozi yalikuwa yanamteremka bila kujificha, mbele ya Waswa na mbele ya samaki. Waithera akageuka kutazama karai. Mtoto alikuwa ameketi uchi katikati ya maji, anayapiga kwa viganja vyote viwili, yanamrukia machoni, naye anapiga tena.

"Tumekuvua, Mama," akasema. "Uko kwenye maji. Unacheka."